Ukaguzi wa Daraja Uanzie Miguuni

Alasiri ya tarehe 21 Julai 2003 kimbunga kilipita katika bonde la Kinzua, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kikaangusha minara 11 kati ya 20 ya daraja la reli lililojulikana dunia nzima. Dakika moja haikutimia.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1882 kwa siku 94 tu. Lilikuwa na kimo cha mita 92 na urefu wa mita 626, na kwa miaka miwili hakuna daraja la reli lililolizidi kwa kimo. Lilibuniwa na Octave Chanute, mhandisi ambaye baadaye aliwashauri ndugu Wright kuhusu ndege. Mpango wake ulikuwa wa akili sana: badala ya kuta za mawe, minara ya vyuma vyembamba vilivyokingamana, upepo ukapenya katikati, na miguu ya kila mnara ikatanuliwa chini, kama mtu anayejikita asisukumwe.

Treni zikazidi uzito. Mwaka 1900 minara ikavunjwa na kujengwa upya kwa chuma cha pua kilicho imara zaidi, lakini misingi ikaachwa ileile, pamoja na boliti za 1882 zilizoshikilia miguu. Boliti hizo za zamani zikaungwa na vipande vipya kwa vishikizo vya chuma. Hapo ndipo kosa lilipojificha. Kutu ilikula ndani ya maungio, mahali ambapo jicho halifiki, kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukaguzi wa 2002 ulibaini hatari, treni zikazuiwa, na ukarabati ulikuwa umeanza kimbunga kilipopiga. Wachunguzi walipochambua mabaki walikuta maungio hayo ndiyo yaliyoachia.

Habari hii inaihusu Kenya moja kwa moja. Katika kipindi kilekile Kinzua ilipojengwa upya, kampuni ya Kimarekani ilipewa kazi ya madaraja 27 ya minara ya chuma kwa ajili ya reli ya Uganda, kwenye safu ya Mau nchini Kenya, mengine yakipanda hadi karibu mita 34. Mwaka 2021 treni ya abiria ilirudi tena kati ya Nairobi na Kisumu kwa kupitia milima hiyohiyo, na wananchi walifurahi, kwa haki kabisa.

Furaha hiyo inastahili kulindwa. Rangi mpya na mataruma mapya huonekana upesi na hupigwa picha. Boliti iliyofukiwa kwenye zege haipigwi picha na mtu. Shirika la reli lifukue miguu ya kila daraja la zamani, lipime kila ungio, kisha matokeo yabandikwe stesheni, Nakuru, Londiani na Muhoroni, pamoja na tarehe ya ukaguzi unaofuata.