Lucene si ghala la nyaraka

Lucene, maktaba ya programu iliyoandikwa na Doug Cutting mwaka 1999, hutafuta maneno kwa kasi ya ajabu. Basi wapo wanaouliza: kwa nini tusiweke nyaraka zote humo, tuachane na hifadhidata?

Mimi nasema hapana. Lucene hujenga faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu. Ukisahihisha neno moja, hufuta waraka mzima na kuuingiza tena. Na kesho ukitaka anayetafuta "soma" apate pia "nilisoma" na "atasoma", faharasa yote hujengwa upya. Kama hukuhifadhi maandishi yenyewe, utayatoa wapi?

Weka nyaraka kwenye PostgreSQL au MySQL, faharasa ijengwe kutoka huko. Faharasa ikiharibika, utaijenga tena. Nyaraka zikipotea, je?