Mlangamia wa Ushongo si ule wa kwenye michongoma

Mwandishi, uliposema katika makala yako kwamba nyuzi za rangi ya chungwa zinazofunika vichaka vya ufukweni Ushongo ni mmea uleule unaokausha michongoma ya mijini, hapo sikubaliani nawe. Nimekulia huku. Mlangamia wetu wa mchangani ni Cassytha filiformis, wa ukoo mmoja na mdalasini na parachichi. Ule mwingine ni Cuscuta, wa ukoo wa kiazi kitamu. Haina undugu, imefananishwa na maisha tu: majani yamebaki kama magamba, mzizi wa kwanza hufa mche ukishapata pa kushika, kisha vinyonyeo hupenya shina la mwenyeji na kuvuta maji na chakula. Tazameni tunda. La kwetu ni la mviringo, lina nyama, ndege hulila na kueneza mbegu. La Cuscuta ni kavu. Tena wa kwetu una ukijani, hivyo chakula kingine hujitengenezea wenyewe. Na nyie ndugu mliopendekeza upulizwe dawa, nawasihi msifanye hivyo, mtaua na mimea inayotambaa ikishikilia mchanga, na bahari inakula pwani hii kila mwaka. Mlangamia ukizidi kwenye mti wa kivuli, utolewe kwa mkono kabla haujazaa. Mmea wa kuogopwa ni kiduha kwenye mahindi, kinachonyonya mizizini chini ya ardhi. Ua likionekana, mahindi yameshadhoofika. Hicho makala haikukigusa kabisa, na ndicho kinachowapunguzia mama zetu mavuno.