Shaba ilipata daraja, na sisi je?

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaobaki nyumba,

Mbele ya mwaka 2021, motoka kubwa zilizobeba shaba yetu kwenda bandari ya Durban kwa njia ya Botswana zilikuwa zinavuka mto Zambezi pa Kazungula, juu ya bac. Sisi wajumbe wa sendika tulipita pale siku moja ya mvua, tukienda kuonana na wachimbaji wenzetu wa Afrika ya Kusini. Feza ya hoteli haikukuwa. Tulikuwa na kombi moja, nyuma tuliweka magodoro na jiko la makala, njo ilikuwa nyumba yetu ya njiani.

Bac ilibeba lori moja kubwa na motoka ndogo chache tu kila safari. Mashoferi wa kwetu tuliowakuta walikuwa pale tangu siku tano, wanalala chini ya malori, wanahesabu feza ya chakula iliyobaki. Sisi wenye motoka ndogo tulipitishwa mbele, na tulisikia haya.

Mvua ilikuwa inapiga mpaka ng'ambo haionekani. Lori lilipopanda, bac ikainama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashika mlango wa kombi yetu, hakuuacha mpaka mwisho. Hatukusema neno. Tulijua kwamba mwaka 2003, pale pale, bac ilipinduka chini ya lori lililopakiwa kupita kiasi, watu 18 wakakufa maji.

Tarehe 10 Mei 2021 daraja la Kazungula likafunguliwa: metre 923, dola karibu milioni 259. Ni jambo zuri, mashoferi wetu wanapumua. Lakini tusijidanganye. Wale 18 walikufa 2003. Daraja lilikuja miaka 18 nyuma yao. Feza ilipatikana juu mali ilikuwa inachelewa.

Huku kwetu je? Kwenye Lualaba na Luapula, wake zetu na wazee wetu wangali wanavuka na mitumbwi, ao na bac yenye mashini inayozimika kati ya maji. Hakuna shaba juu yake, kuna watu tu. Njo maana hakuna mwenye haraka.

Wengine watasema: hii ni kazi ya Serikali, sendika inaingia wapi? Tunajibu: Kodi ya mines ya 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji vilivyo karibu na mgodi. Tena 15% ya redevance inaenda kwa sekta, chefferie ao komini ya mahali. Feza hii inatoka katika jasho letu. Kwa hiyo tuna neno la kusema.

Tunaomba mambo matatu. Wakati wa kuandika cahier des charges, kivuko kiandikwe mbele ya ukumbi na mabango. Kila bac iwe na gilet kwa kila mtu, mtoto naye. Na mvua kubwa ikianguka, nahodha awe na haki ya kukataa kuvuka, hata mkubwa akimpigia kelele.

Chini ya udongo tunakataa kuingia kama ukuta unatoa sauti. Juu ya maji pia, tujifunze kukataa.