RITANI YA KODI TUIJAZE WENYEWE

Mwaka wa kodi katika Kenya huanza Januari 1 na kwisha Desemba 31, na ritani ya mwaka huo yatakiwa isipite Juni 30 ya mwaka ufuatao. Ni miezi sita kamili. Hata hivyo kila mwaka twawaona wenzetu wakipanga mstari penye saiba usiku wa mwisho, mtandao wa iTax umelemewa, nao wamwachia kijana asiyewajua kazi ya kutoa hesabu kwa jina lao. Twasema jambo hili halitufai.

Wako wasemao, "Kodi yangu hukatwa katika mshahara kila mwezi, yanipasa nini tena?" Neno hilo laonekana la haki, lakini sheria hailikubali. Kukatwa kodi ni jambo moja, na kutoa hesabu ni jambo la pili. Mwajiri hukata PAYE na kuipeleka ifikapo tarehe 9 ya mwezi ufuatao. Mtumishi naye hutoa taarifa ya mwaka mzima. Asiyeitoa kwa wakati hutozwa shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi impasayo, iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Lakini kosa kubwa kuliko kuchelewa ni ritani ya sifuri. Kijana wa saiba, apate kumaliza upesi, huandika kwamba mteja wake hakupata kitu mwaka mzima. Mwenye mshahara akubalipo hayo amesema uwongo mbele ya Serikali imwajiriyo, na ushahidi wa mwajiri umo katika mtandao ule ule. Siku atakapotafuta cheti cha kutimiza kodi ili aombe kazi nyingine, huenda jambo hilo likamzuia. Ikiwa limekwisha tendeka, iTax yaruhusu ritani kusahihishwa. Na isahihishwe kabla ya kuulizwa.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tuidai hati ya P9 mapema, tuilinganishe na karatasi za mshahara mwezi kwa mwezi. Nafuu ya kila mtu ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Tutazame kama imehesabiwa. Aliyekuwa na waajiri wawili aziunganishe P9 zote mbili, wala asisahau kwamba nafuu hiyo ni moja tu. Pili, tusiiachilie haki yetu. Tangu Desemba 27, 2024, akiba ya uzeeni iliyosajiliwa hupunguza mapato yatozwayo kodi hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, na riba ya mkopo wa nyumba ya kukaa hadi 360,000 kwa mwaka. Asiyeonyesha hati hapati.

Wengi wetu tuna kiduka au vyumba vya kupangisha, kwani mshahara peke yake hautoshi. Hapo ndipo wengi hunyamaza, nasi twaona kunyamaza huko ni hatari. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo, bila kutoa gharama, ifikapo tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Mwenye mauzo pungufu hayumo katika kodi hiyo, lakini faida yake huiandika katika ritani ya mwaka. Kodi ya vyumba vya kukaa, ikifika 288,000 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari na risiti ziwekwe miaka 5, kama sheria itakavyo.

Wazee wetu waliitunza stakabadhi ya kodi ya nyumba kwa hofu ya askari. Sisi tuitunze stakabadhi ya ritani kwa sababu nyingine: ndiyo hoja yetu tunapotaka kujua fedha zetu zimetumiwaje. Anyamazaye kwa hofu ya hesabu zake hawezi kuuliza hesabu za wengine.

Twawaomba makarani wa mishahara watoe P9 mwezi wa Januari, wasingoje kudaiwa. Nacho chama chetu kiweke meza kila tawi mwezi wa Machi, ajuaye amfundishe asiyejua. Juni isitukute tena mlangoni pa saiba.