Depo si chumba cha kulala

Ndugu wanamemba, kwetu Mubi mahindi yakiisha kuingia depo, woga wa kwanza ni mwizi. Ndiyo maana sentineli analazwa mule ndani, kando ya magunia. Sisi tunasema: desturi hii inaweza kuua.

Vidonge vinavyowekwa juu ya fukusi vinatoa gazi inayoitwa fosfini. Inatoka kidonge kikikutana na unyevunyevu, na hapa Walikale mvua haituachi. Gazi hiyo inapita katikati ya magunia na kwenye nyufa za ukuta, na hakuna dawa ya kuizimisha mwilini. Sentineli akiumwa kichwa, akitapika, kifua kikibana, tusiseme haraka ni malaria. Atolewe inje kwenye hewa, apelekwe kituo cha afya, na muganga aambiwe habari ya vidonge.

Wengine watauliza: mwizi akikuja, nani atalipa? Gunia linalipwa, mtu halipwi. Sentineli ajengewe kibanda inje, mbali na ukuta. Mlango uwe na kufuli mbili, funguo zishikwe na watu wawili. Vidonge viwekwe na mwenye kufundishwa peke yake, na asiingie mtu mpaka depo ipate hewa ya kutosha.

Tena kuna njia bila sumu: mifuko ya PICS, plastiki mbili ndani, gunia moja inje. Mahindi makavu yakifungwa humo vizuri, wadudu wanakosa hewa, wanakufa.

Tuyaamue haya kwenye mkutano, kabla mavuno hayajaingia.