Neno la Siri Linapokataliwa

Mzazi avukaye ziwa kutoka kisiwani Rukuba hadi Musoma ili mwanawe aombe mkopo wa masomo kwa kompyuta, asiharakie kumlaumu kijana kwa usahaulifu pindi neno la siri likataliwapo. Huenda vitufe vimechapwa kwa mpangilio wa Marekani, ilhali kompyuta imewekewa ule wa Uingereza. Hapo Shift na 2 huleta alama ya kunukuu badala ya @, na kwa kuwa neno hufichwa kwa nukta, kosa halionekani. Kubahatisha tena na tena ni hatari. Mifumo mingine hufunga akaunti. Jaribuni @ kwanza penye nafasi ya jina. Ikigeuka, shikilieni kitufe cha Windows, mbonyeze kile kirefu cha nafasi, mchague mpangilio wa Marekani. Usipokuwamo, bonyezeni Shift na kitufe cha alama ya kunukuu, jirani na Enter, @ itatokea.