Msifute Sauti za Wageni

Iko desturi moja miongoni mwa wakusanyaji wa sinema za nyumbani ambayo mawakili wake ni wengi na mshitaki hana. Mkusanyaji wa Uingereza au wa Marekani hununua nakala ya filamu ya milimita 8 iliyouzwa zamani Ujerumani, Ufaransa au Italia. Picha ni zile zile azipendazo, na bei yake aghalabu ni nafuu kuliko ya nakala iliyouzwa kwao. Aibu yake machoni pake ni moja tu: watu waliomo wasema lugha asiyoijua. Basi huichukua sauti ya Kiingereza kutoka katika diski, huilinganisha na picha, huirekodi mahali pa ile ya kwanza, na usiku huwaita rafiki zake waone jinsi alivyoiponya filamu. Makala haya yasema kuwa hakuiponya. Ameikata ulimi.

Kwa msomaji asiyepata kuziona nakala hizi, yafaa tueleze zilivyo. Kampuni ya Kodak ilileta filamu ya Super 8 mwaka 1965. Kabla kanda za video hazijaenea katika miaka ya 1980, mtu aliyetaka kuwa na sinema nyumbani kwake alinunua nakala ya namna hii, na mara nyingi haikuwa sinema nzima. Gombo la futi 400 huchukua dakika 20 kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde. Kwa hiyo wauzaji waliikatakata hadithi ya saa moja na nusu mpaka ikaenea katika gombo moja, mawili au matatu. Pembeni mwa filamu ulipakwa mstari mwembamba wa sumaku uliobeba sauti, kama utepe wa kaseti ubebavyo. Kwa kuwa mstari huo uliinua upande mmoja, ulipakwa mwingine, mwembamba zaidi, upande wa pili, ili filamu ijiviringe sawasawa. Sumaku ni mtumishi mtiifu mno. Hupokea kila iambiwalo, na ili kupokea jipya hulitupa la zamani. Likiisha kutupwa, hakuna fundi wa kulirudisha.

Mawakili wa desturi hii wana hoja tatu. Tuzisikilize moja moja.

Hoja ya kwanza ni kuwa lugha ya asili ndiyo sinema yenyewe, na kila tafsiri ni bandia. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haina mifupa. Stan Laurel na Oliver Hardy, ambao wakusanyaji huwapenda kuliko wachekeshaji wote, waliigiza baadhi ya sinema zao za mwaka 1930 na 1931 kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiitalia, wakisoma maneno yaliyoandikwa kwa kufuata matamshi. Hawakuzijua lugha hizo, lakini sauti zilikuwa zao. Watazamaji wa Italia waliwacheka na kuwapenda kwa lafudhi yao ya Kiingereza. Ilipokuja zamu ya waigizaji wengine kutia sauti za tafsiri, lafudhi ile ikatunzwa makusudi. Kijana mmoja aitwaye Alberto Sordi, aliyekuja kuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa Italia, alikuwa sauti ya Oliver Hardy kwa miaka mingi tangu mwisho wa miaka ya 1930. Ni nani atakayesimama mbele ya Waitalia awaambie kuwa kazi ya Sordi ni uchafu wa kupanguswa?

Tena tafsiri ina ushahidi ambao lugha ya asili haina. Sinema ya Casablanca ilitengenezwa Marekani mwaka 1942, wakati vita vikiwaka, na adui zake ni Wanazi. Ilipoonyeshwa Ujerumani Magharibi mwaka 1952, dakika zipatazo 25 zilikuwa zimekatwa. Meja Strasser, afisa wa Kinazi, aliondolewa kabisa. Victor Laszlo, mpigania uhuru aliyetoroka katika kambi ya mateso, akageuzwa kwa maneno ya tafsiri kuwa mtaalamu wa sayansi kutoka Norwei, jina lake Larsen. Wajerumani walitiliwa sauti mpya ya sinema hiyo mwaka 1975, safari hii bila kufichwa. Kadhalika Notorious, sinema ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1946, iliingia Ujerumani mwaka 1951 kwa jina la Weißes Gift, na Wanazi waliomo wakawa wachuuzi wa dawa za kulevya. Je, tafsiri hizo ni za kweli? La, ni uongo. Lakini uongo wa taifa zima, uliosemwa miaka michache baada ya vita, ni historia, na mwanachuoni hana ruhusa ya kuufuta kwa sababu haukumpendeza. Atakayetaka kujua watu walioshindwa vitani walivumilia kusikia nini na walikataa kusikia nini, hatapata jawabu katika sauti ya Kiingereza. Jawabu limo katika sauti ile ile ambayo mkusanyaji aiita kasoro.

Hoja ya pili ni kuwa sauti mpya huirudisha sinema katika hali yake. Hapa wanaosema hivyo hushindwa na kazi ya mikono yao wenyewe. Nakala iliyofupishwa na muuzaji wa Ujerumani haikupata kuwa na sauti ya Kiingereza hata siku moja. Mkato ule ni wake, na muziki na maneno yalipangwa kuufuata. Ili Kiingereza kienee humo, sharti kikatwe vipande na kuungwa, na kila penye kiungo muziki huruka kama mtu aliyejikwaa. Tena diski za Ulaya huenda kwa mwendo wa televisheni, picha 25 kwa sekunde. Sauti yake isiponyoshwa kwa kiasi cha asilimia 4, hutangulia picha mpaka mlango ukalia kabla haujafungwa. Mwisho wa taabu yote hiyo si sinema ya asili. Ni kitu cha tatu, ambacho hakikuuzwa Ujerumani wala Marekani.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: nakala ni mali yangu, nimeinunua kwa fedha yangu, nami nina haki ya kuielewa. Haki ya kuielewa hatuikatai. Hakuna ubaya katika kutamani kusikia kwa lugha ya mama. Sisi tusemao Kiswahili hatuwezi kumcheka mwenye tamaa hiyo. Lakini upime mzani. Sauti inayotiwa ni ya Kiingereza, iliyomo katika diski zinazouzwa madukani kwa maelfu, na mwenye kuitaka kesho ataipata. Sauti inayofutwa huenda haimo mahali pengine popote, maana tafsiri za zamani hubadilishwa, mikato ya wauzaji haichapwi tena, na nakala zenyewe hupungua kila mwaka. Mtu huyu afuta kilicho adimu ili aandike kilicho tele. Biashara ya namna hiyo sokoni huitwa upumbavu. Kwa nini katika sinema iitwe ufundi?

Na tuijaribu kanuni yao nyumbani kwetu. Derek Gaspar Mukandala, ambaye Watanzania walimjua kwa jina la Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili sinema za kigeni katika kanda za video, na vibanda vya mitaani vikajaa watu waliokuja kumsikia yeye zaidi kuliko kuziona picha. Kwa kanuni ya lugha ya asili, sauti ya Lufufu ni doa. Mgeni akizipata kanda zile, akamfuta ili Wamarekani waliomo wasikike vema, atakuwa ametenda haki? Kila msomaji hapa atasema hapana. Basi tusilolikubali kwa Lufufu tusilikubali kwa Sordi.

Wala hatuwaachi wakusanyaji bila njia. Kwanza, mstari wa pili upo. Mashine zenye njia mbili za sauti, kama Elmo GS-1200, huweza kurekodi katika mstari ule mwembamba peke yake. Kiingereza kikae huko, na lugha ya kwanza ibaki mahali pake. Sauti ya mstari huo ni hafifu kidogo, lakini uhafifu si msiba. Pili, kompyuta yaweza kupiga sauti ya Kiingereza sambamba na mashine ya sinema, na filamu isiguswe. Tatu, ambaye hana budi kurekodi juu ya sauti ya zamani, kwanza ainakili yote, aandike nakala ilitoka wapi, na aihifadhi pamoja na filamu. Penye mstari mtupu, au sauti iliyokwisha haribika, na arekodi kwa furaha. Hapo kweli aponya.

Zaidi ya hapo hatumruhusu. Nakala ya filamu huishi kuliko mwenye nayo. Leo imo katika kabati lake, kesho itauzwa na warithi wake, keshokutwa itafika mikononi mwa mtu ajuaye Kijerumani au Kiitalia, ambaye angalitoa fedha nyingi kusikia alichosikia babu yake. Mtu huyo ataifungua, ataiwasha mashine, na atasikia Kiingereza tu. Aliyemnyima hatakuwapo kuulizwa. Kwa hiyo twauliza sasa, angali yupo: umepewa dhamana ya sauti usiyoielewa, ni nani aliyekufundisha kuwa usichokielewa hakina thamani?